Bamia ya Nyumbani Tabora: Ushauri wa Kupanda, Kuvuna na Kupika kwa Wakati Wake

Bamia ni miongoni mwa mboga chache ambazo joto la Tabora haliziumizi, kwa kuwa mmea wake hupenda jua kali, huota vizuri katika udongo wenye nyuzijoto 25 hadi 35, na huendelea kutoa maua wakati ambapo kabichi na spinachi zimekwisha kunyauka. Hata hivyo, joto peke yake halileti mavuno. Pale bustani ya bamia inaposhindwa kulisha nyumba, chanzo mara nyingi si udhaifu wa mmea bali ni wakati uliopotea: mbegu iliyotiwa ardhini usiku ungali na baridi, tunda lililoachwa siku tatu zaidi hadi likawa na nyuzi, au kitoweo kilichokaa motoni nusu saa ilhali dakika kumi zingetosha. Makala hii inaeleza namna ya kulima na kupika bamia katika mazingira ya Tabora, na msingi wake ni kwamba bamia haidai nguvu nyingi wala fedha nyingi kwa mkulima, ila inamdai kila jambo lifanyike kwa wakati wake.

Desturi ya kulisha njia

Tabora inafaa kutazamwa kwanza kama mji uliokua kwa sababu uliweza kulisha wasafiri. Katika karne ya 19 eneo la Unyanyembe, lililokuwa na makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu pale Kazeh, ulipo mji wa Tabora leo, lilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na pia njia panda ya kuelekea Karagwe na Buganda upande wa kaskazini. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, na Burton aliandika kwamba Waarabu wa hapo walikuwa na nyumba imara na bustani kubwa zilizopandwa vizuri. Misafara haikupita tu. Ilikaa wiki au miezi ikisubiri wapagazi wapya, mvua ipungue au vita vya njiani vitulie. David Livingstone mwenyewe, baada ya kuachana na Henry Morton Stanley mwezi Machi 1872, alisubiri wapagazi kwenye tembe la Kwihara hadi Agosti mwaka huo. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la bapa na ua wa ndani, na lile la Kwihara limehifadhiwa kama makumbusho hadi leo.

Wote waliosubiri walihitaji kula, na waliowalisha ni wakulima wa vijiji vya jirani pamoja na bustani zilizokuwa kando ya matembe. Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo, walipenda kusafiri wakati wa kiangazi na kurejea makwao mvua za kwanza zinapokaribia ili wawahi kulima, kwa hiyo safari na jembe viliendeshwa na kalenda moja. Kalenda hiyo ya mvua haijabadilika kimsingi, na ndiyo ambayo mkulima wa bamia wa leo anapaswa kuifuata.

Majira ya kupanda

Mji wa Tabora uko katika mwinuko wa takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na una msimu mmoja wa mvua unaoanza mwezi Novemba na kwisha mwezi Aprili, ukifuatwa na kiangazi kirefu. Mwinuko huo una athari ambayo mgeni aliyezoea joto la pwani anaweza kuisahau: usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzijoto 15, na katika kiwango hicho bamia hudumaa hata kama mchana una jua kali. Kwa upande mwingine, mwezi Oktoba ndio wenye joto kali zaidi kwa mwaka, huku mchana ukizidi nyuzijoto 30, na bamia iliyokwisha kushika mizizi hustawi mwezi huo iwapo itapata maji.

Kutokana na hali hiyo, nyumba yenye nafasi ndogo inashauriwa kugawa upandaji wake katika awamu tatu badala ya kumwaga mbegu zote kwa pamoja. Awamu ya kwanza ni ya mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba, pale baridi ya usiku inapokwisha. Bamia hii hunyweshwa kwa mkono na huanza kuvunwa mwishoni mwa Oktoba na Novemba, kipindi ambacho mboga za majani ni haba sokoni na mboga za mwituni bado hazijachipua. Awamu ya pili ni ya mwishoni mwa Novemba au Desemba, baada ya mvua kutulia na udongo kulowa vya kutosha, na mavuno yake huanza mwishoni mwa Januari. Awamu ya tatu ni ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ambapo mmea hukua kwa mvua za mwisho kisha huzaa wakati hewa imeanza kukauka, jambo linalopunguza magonjwa ya ukungu na kurahisisha ukaushaji wa matunda ya ziada.

Mkulima asiyekuwa na chanzo cha maji cha uhakika anaweza kuiacha awamu ya kwanza bila hasara kubwa, lakini mwenye kisima, bomba au hata maji ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi atafaidika nayo kuliko zote.

Mahali na udongo

Bamia huhitaji jua la moja kwa moja kwa saa sita hadi nane kwa siku. Katika viwanja vingi vya Tabora na kandokando ya njia ya zamani ya misafara kumesimama miembe mikubwa, ambayo ni fahari ya mji na kivuli cha thamani kwa watu, ila chini yake si mahali pa bamia. Mmea uliopandwa kivulini hurefuka, hulegea na kutoa matunda machache. Mahali panapofaa ni upande wa ua usiozuiwa na mti wala ukuta, karibu na jiko ili mpishi aweze kuvuna bila kufunga safari. Pale mbuzi na kuku wanapozurura, uzio ni wa lazima. Uzio wa minyaa, ambao maboma ya Unyamwezi yamezungushiwa tangu zamani, unafaa mradi mashina ya bamia yawe umbali wa mita moja na nusu kutoka kwake ili mizizi isigombanie maji, na anayekata matawi yake ajihadhari na utomvu mweupe, kwa sababu huumiza vibaya macho.

Udongo wa sehemu kubwa ya Tabora ni wa kichanga, ambao hupitisha maji haraka na kushika rutuba kidogo, wakati udongo mweusi wa mbugani, yaani ule wa mfinyanzi unaolimwa majaruba ya mpunga, hutuamisha maji. Kati ya aina hizo mbili, udongo wa kichanga ndio unaofaa bamia, kwa kuwa ni rahisi kuurutubisha kuliko kuukausha udongo wa mbuga. Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa, ambayo haina joto wala harufu kali na ambayo majani yake hayatambuliki tena, ichanganywe na udongo wiki mbili kabla ya kupanda kwa kiasi cha ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita za mraba tatu au nne. Udongo wa kichuguu, ukipondwa na kuchanganywa na samadi hiyo, huongeza mfinyanzi unaosaidia mchanga kushika maji. Mbolea za chumvichumvi zenye naitrojeni nyingi zitumiwe kwa uangalifu, kwa maana mmea ulioshiba naitrojeni hujaza majani makubwa ya kijani na kuchelewa kuzaa.

Wakati wa mvua, kilimo cha matuta ambacho Wanyamwezi wamekizoea kwa viazi vitamu na mahindi kinafaa pia kwa bamia, kwa vile huinua mizizi juu ya maji yanayotuama. Wakati wa kiangazi mpango hugeuzwa: kitalu kiwe sawa na ardhi au kishuke kidogo, ili kila tone linalomwagwa libaki pale mizizi ilipo.

Mbegu na upandaji

Katika maduka ya pembejeo aina zinazopatikana kwa kawaida ni pamoja na Clemson Spineless, iliyotokea Marekani na isiyo na miiba mikali, na Pusa Sawani kutoka India. Mnunuzi aangalie kama pakiti ina lebo ya Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu, ijulikanayo kama TOSCI, na tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa kuwa mbegu ya bamia hupoteza nguvu ya kuota haraka ikihifadhiwa mahali penye joto na unyevu.

Ganda la mbegu hii ni gumu, kwa hiyo inafaa kulowekwa katika maji safi usiku kucha kabla ya kupandwa, na zile zinazoelea zitupwe kwa sababu nyingi huwa tupu. Kitalu chenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 hubeba mistari miwili iliyoachana sentimita 60, na katika kila mstari mashimo huachana sentimita 40, hivyo jumla yake ni mashina kama 25. Katika kila shimo ziwekwe mbegu mbili au tatu kwa kina cha sentimita 2, zifunikwe kwa udongo laini na kumwagiwa maji taratibu. Miche huchomoza baada ya siku tano hadi kumi. Ikifikisha urefu wa kiganja, ule wenye nguvu zaidi huachwa na mingine hukatwa kwa mkasi au ukucha badala ya kung'olewa, kwa sababu kung'oa hutikisa mizizi ya mche unaobaki. Kupanda moja kwa moja bustanini ni bora kuliko kuhamisha miche, kwa maana mzizi mkuu wa bamia hushuka moja kwa moja chini na haupendi kusumbuliwa.

Maji na matandazo

Hesabu ya maji ni rahisi ikifanywa kwa ndoo. Bamia huhitaji angalau milimita 25 za maji kwa wiki, na milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja. Kwa kitalu cha mita za mraba tano kilichotajwa, mahitaji ni lita 125, yaani takribani ndoo sita za lita 20 kwa wiki. Ndoo hizo zigawanywe mara tatu, mbili kila mara, na mwezi Oktoba ziongezwe hadi tatu kila mara. Maji yamwagwe shinani alfajiri au jioni, wala si juu ya majani wakati wa jua kali, kwa maana mengi yatapotea hewani kabla ya kufika mizizini. Mmea unaokauka kabisa kisha kufurikishwa maji kwa siku moja hudondosha maua, kwa hiyo maji machache yenye mpangilio yanafaa kuliko mengi yasiyotabirika.

Matandazo, yaani nyasi kavu au mabua yanayotandazwa juu ya udongo ili kuzuia jua na magugu, hupunguza sana kazi ya kunywesha. Tatizo lake Tabora ni mchwa, ambao huyafuata mabua makavu wakati wa kiangazi. Tatizo hilo hupungua matandazo yakiwekwa mbali na shina kwa upana wa kiganja na udongo wa chini yake ukiendelea kuwa na unyevu.

Minyoo fundo na wadudu wa shambani

Tabora ni mkoa wa tumbaku, na katika wilaya za Igunga na Nzega hulimwa pamba pia. Mazao haya mawili yana maadui wanaoshirikiana na bamia, na mkulima wa bustani asiyewafahamu anaweza kulaumu mbegu bure.

Adui wa kwanza ni minyoo fundo, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi udongoni na kuingia mizizini, ambako husababisha uvimbe unaozuia mmea kunyonya maji. Minyoo hawa huishi kwenye tumbaku, nyanya, bilinganya na bamia, na hupenda sana udongo wa kichanga. Dalili yake ni mmea unaonyauka mchana ingawa udongo una unyevu, na kubaki mfupi wakati jirani zake wanakua. Uthibitisho hupatikana kwa kung'oa shina moja na kuosha mizizi yake: vinundu vya bakteria kwenye mizizi ya kunde huning'inia pembeni na hung'oka kwa ukucha, ilhali uvimbe wa minyoo fundo ni sehemu ya mzizi wenyewe na hauwezi kubanduliwa. Kwa kuwa bamia si jamii ya mikunde, uvimbe wowote kwenye mizizi yake ni ishara ya hatari.

Kinga dhidi ya minyoo hao ni mzunguko wa mazao. Bamia isipandwe mahali palipotoka tumbaku, nyanya au bilinganya, wala kurudiwa hapohapo mwaka hadi mwaka. Eneo lililoshambuliwa lipandwe karanga au marejea kwa msimu mmoja au miwili, kwa sababu aina za minyoo fundo zilizo nyingi hazizaliani vizuri katika mimea hiyo, na mizizi yote ya zamani ing'olewe, ikaushwe juani na kuchomwa mwanzoni mwa kiangazi. Kwa ushauri wa kina zaidi, mkulima anaweza kumwona ofisa ugani wa kata yake au kufika katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, kilicho karibu na mji wa Tabora.

Maadui wa pili ni wadudu wa pamba. Bamia na pamba ni za familia moja ya mimea, ambayo choya pia imo ndani yake, na ndiyo maana funza wa vitumba, wanaotoboa matunda machanga, na kangambili, wadudu wekundu wanaofyonza mbegu, huhama kutoka shamba la pamba hadi bustani ya bamia. Pamoja nao wapo vidukari na inzi weupe, na hao wa mwisho hueneza virusi vinavyokunja majani na kuyatia mishipa ya njano. Katika bustani ya mashina 25, macho na mikono ndiyo dawa ya kwanza: kila asubuhi ya kuvuna upande wa chini wa majani ukaguliwe, tunda lenye tundu likatwe na kuteketezwa, kangambili wapukutishwe ndani ya chombo chenye maji ya sabuni, na mmea wenye dalili za virusi ung'olewe mara moja bila kuonewa huruma. Mbegu za mwarobaini zilizokaushwa, kutwangwa na kulowekwa usiku mmoja hutoa dawa ya kunyunyizia ambayo hupunguza vidukari na viwavi wachanga, hasa ikinyunyiziwa jioni.

Hapa panahitajika onyo la dhati. Nyumba nyingi za wakulima wa tumbaku na pamba huwa na viuatilifu vilivyobaki, na kishawishi cha kuvinyunyizia kwenye bamia ni kikubwa. Viuatilifu hivyo vimeidhinishwa kwa mazao ambayo hayaliwi mbichi au huvunwa baada ya muda mrefu, na kila kimoja kina siku za kusubiri, yaani muda unaopaswa kupita kati ya kunyunyizia na kuvuna. Bamia huvunwa kila baada ya siku mbili, kwa hiyo mpishi hana siku saba wala kumi na nne za kusubiri. Sumu iliyonyunyiziwa Jumatatu huingia chunguni Jumatano. Kiuatilifu kisichoandikwa kwenye lebo yake kwamba ni cha mboga kisitumike kabisa, na makopo yake yasichotewe maji wala kuhifadhiwa mbegu.

Uvunaji

Ua la bamia, lenye petali za njano na kitovu chenye rangi ya zambarau iliyoiva, hufunguka asubuhi na kunyauka jioni ya siku hiyohiyo. Kuanzia hapo hesabu ya mkulima ni fupi: tunda hufaa kuvunwa siku ya nne hadi ya sita, likiwa na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Ukomavu hupimwa kwa kuvunja ncha ya tunda kwa kidole gumba. Ncha inayokatika kwa mlio ni ya tunda laini, na ile inayopinda bila kukatika imekwisha kuwa na nyuzi ambazo moto wa jikoni hauziondoi. Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa bamia maumivu hayo ni ya mwaka mzima, kwa kuwa tunda likiachwa likomae mmea huelekeza chakula chake kwenye mbegu na kupunguza kutoa maua mapya. Hata tunda lililokwisha kukomaa likatwe ili mmea uendelee kuzaa.

Kazi hii ifanywe asubuhi kwa kisu kikali au mkasi, na mvunaji avae nguo ya mikono mirefu, kwa sababu nywele ndogo za majani huwasha ngozi. Matunda yasioshwe kabla ya kuhifadhiwa. Yawekwe katika kapu kivulini na kupikwa ndani ya siku mbili. Miezi miwili au mitatu baadaye, mmea ukiwa mrefu na mavuno yamepungua, shina linaweza kukatwa hadi kimo cha sentimita 30 na kutiwa samadi na maji, nalo litachipua matawi mapya na kuzaa kwa mara ya pili.

Jikoni

Kinachowafanya watu wengine waikatae bamia ni ute wake, ambao ni mchanganyiko wa sukari ndefu zilizoungana, ziitwazo polisakaraidi, zinazovuta maji na kuwa nzito. Mpishi anayeelewa tabia ya ute huo anaweza kuupunguza au kuuongeza apendavyo. Ute hutoka tunda likikatwa, huyeyuka likiguswa na maji, huwa mzito likichemshwa polepole, na hupungua kwa joto kavu na kwa uchachu. Magadi, kinyume chake, huulainisha na kuueneza chunguni.

Kwa mlo usio na ute mwingi, nusu kilo ya bamia ioshwe ikiwa nzima na kufutwa hadi ikauke kabisa. Kikonyo chake kichongwe kwa umbo la pia bila kufungua tundu la ndani, kisha bamia nzima zikaangwe kwa mafuta machache katika kikaango kilichopata moto sana, bila mfuniko, kwa dakika tano au sita, zikigeuzwa mara chache tu hadi ziwe na madoa ya kahawia. Zitolewe, na katika kikaango hichohicho kikaangwe kitunguu kimoja, kitunguu saumu na nyanya tatu hadi mchuzi ushikane. Ndipo bamia zirudishwe pamoja na kijiko kimoja cha maji ya ukwaju au ndimu, na chumvi itiwe mwishoni, kwa kuwa chumvi ya mapema huvuta maji na ute. Dakika tatu baadaye kitoweo kiko tayari kuliwa kwa wali au ugali. Chombo cha chuma kisichopakwa au cha shaba huifanya bamia iwe nyeusi, hasa penye ukwaju, hivyo sufuria ya alumini nzito au chungu kinafaa zaidi.

Njia ile iliyoleta misafara inaendelea kuipa Tabora viungo bora vya kitoweo hiki, safari hii kwa reli iliyofika mjini mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Dagaa wa Kigoma, waliokaushwa kando ya Ziwa Tanganyika, wakikaangwa kwanza peke yao na kuchanganywa na bamia dakika za mwisho hutoa protini na madini ya chokaa kwa gharama ndogo, na mawese kidogo kutoka huko huongeza vitamini A na rangi. Penye uhaba wa nazi, karanga zilizokaangwa na kutwangwa huchukua nafasi ya tui: vijiko vinne vya karanga vikorogwe kwa maji ya vuguvugu, vimiminwe juu ya bamia zilizokatwa vipande na kuachwa vitokote kwa dakika saba tu.

Kwa wale wanaoupenda ute, mlenda ndio mlo wenyewe. Bamia hukatwa vipande vidogo sana, hutiwa katika maji machache yanayochemka pamoja na majani machanga ya maboga au ya mlenda mwitu, na hupekechwa hadi zivutike. Watu wengi hutia magadi ili mboga ilainike haraka na kubaki ya kijani. Inashauriwa yawe ni chembe ndogo ya ncha ya kisu, kwa kuwa magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na huongeza sodiamu ambayo haiwafai wenye shinikizo la damu.

Gramu 100 za bamia mbichi zina takribani gramu 3 za nyuzinyuzi, miligramu 23 za vitamini C na miligramu 80 za kalisiamu, pamoja na foleti inayohitajiwa hasa na wajawazito. Hiyo ni sababu tosha ya kuila, wala haihitaji kuongezewa sifa isizokuwa nazo. Maji yaliyolowekewa bamia hayachukui nafasi ya dawa ya kisukari, na mgonjwa anayetumia dawa hizo asiziache wala asibadilishe kipimo bila kumwona daktari. Aliyewahi kupata mawe ya figo naye aulize kwanza, kwa sababu bamia ina oksalati, kemikali inayochangia kuunda baadhi ya mawe hayo.

Kukausha na kutunza mbegu

Unyamwezini ukaushaji wa chakula ni elimu ya kila nyumba, kama inavyoonekana katika michembe na matobolwa ya viazi vitamu na nsansa ya majani ya kunde. Bamia inaingia vizuri katika elimu hiyo. Matunda ya awamu ya tatu, yanayovunwa Mei na Juni, hukatwa visahani vya unene wa sentimita moja, hupitishwa katika mvuke wa maji yanayochemka kwa dakika mbili, na kutandazwa juu ya chekeche safi chini ya kitambaa chepesi kinachozuia inzi na jua la moja kwa moja. Hewa kavu ya kiangazi humaliza kazi kwa siku mbili au tatu. Kwa vile sehemu kubwa ya bamia ni maji, takribani asilimia 90, kilo kumi hubaki kama kilo moja, nayo ikifungwa katika chombo kikavu kisichopitisha hewa hutumika hadi mvua zinaporejea, ama kwa kulowekwa au kwa kusagwa kuwa unga wa mlenda.

Mbegu za msimu ujao zitoke katika mashina mawili au matatu bora, yaliyochaguliwa mapema na kufungwa uzi ili yasivunwe kwa bahati mbaya. Maganda huachwa hadi yawe ya kahawia na kuanza kupasuka. Bamia hujichavusha yenyewe kwa kawaida, lakini nyuki huweza kuchanganya aina mbili, na Tabora, mkoa unaojulikana kwa asali ya misitu yake ya miombo, una nyuki wengi. Anayelima aina zaidi ya moja, au mwenye jirani anayelima aina nyingine, afunike vitumba vya ua kwa kifuko cha kitambaa jioni kabla havijafunguka, na kukiondoa ua likishanyauka. Mbegu za chotara zisihifadhiwe, kwa sababu kizazi chake hakifanani.

Nyumba inayotaka kuanza haihitaji kungoja mtaji. Inatosha kuandaa kitalu kimoja cha mita tano, kukitia samadi mwanzoni mwa Agosti, kupanda mwishoni mwa mwezi huo, na kumkabidhi mtu mmoja wa nyumbani jukumu la kupita bustanini kila baada ya siku mbili akiwa na kisu na kapu. Mtu huyo akishika ratiba yake, mboga ya Oktoba itakuwa uani kabla ya mvua, na nyumba itakuwa imepata chakula chenye lishe bora katika miezi ambayo soko huuza mboga kwa bei ya juu zaidi.